Nikumbushe Baadaye

Kompyuta ya dukani kwangu ilistaafu tarehe 8 Aprili 2014 na mimi sikuambiwa. Siku hiyo ndiyo waliotengeneza mfumo wake, Windows XP, walipoacha kuuhudumia, baada ya kuuzindua Oktoba 2001. Mimi niliendelea kufungua nayo duka kila asubuhi, nayo ikaendelea kuja kazini kama karani mstaafu asiyejua akae wapi nyumbani. Duka lenyewe liko Ngamiani, Tanga, katika mojawapo ya zile barabara zenye namba badala ya majina. Ni steshenari ya chumba kimoja: mashine ya fotokopi, printa yenye kikohozi cha kudumu, na kompyuta niliyoinunua mtumba Kariakoo.

Nilikuwa naipenda. Kila nikiiwasha kilitokea kile kilima cha kijani chini ya anga la buluu, na kwa miaka mingi niliamini, na kuwaaminisha wateja, kwamba ni kilima cha Lushoto. Mteja mmoja mzaliwa wa Soni alifikia kunionyesha kwa kidole mpaka wa shamba la shangazi yake. Baadaye nikaja kusoma kwamba picha ile ilipigwa na Charles O'Rear mwaka 1996 huko California, Marekani, kwenye eneo la mashamba ya mizabibu. Yule mteja sijamwambia mpaka leo. Shamba la shangazi wa mtu halinyang'anywi hivi hivi.

Mwaka uliofuata ule wa kustaafu, akanipigia mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam.

"Mjomba, bado uko na mfumo ule? Virusi watakumaliza."

Nikamwambia virusi wangekuwa na nia wangeshanimaliza zamani, mlango wangu uko wazi tangu saa moja asubuhi. Hakucheka. Baada ya siku mbili nikaitwa stendi kuchukua mzigo: kopo la biskuti, ndani yake gazeti, ndani ya gazeti flashi yenye mfumo mpya na kipande cha RAM cha kuiongezea mashine nguvu. Jina la mfumo huo nalihifadhi, maana wenyewe wana mawakili wengi kuliko nilivyo na wateja.

"Ni kubofya tu, mjomba. Unabofya, unabofya, basi."

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawakusema kidonda huanza kwenye asilimia ngapi. Changu kilianza kwenye 63. Ilikuwa saa tatu usiku, duka nimelifunga, nimekaa mbele ya maandishi meupe yanayoniamuru: usizime kompyuta. Nami sikuizima. Iliizima mita ya LUKU, ambayo tangu asubuhi ilikuwa imewasha taa nyekundu, nami nikiipita kama pambo la ukutani. Nikanunua umeme kwa simu, nikapanda juu ya stuli gizani kuingiza zile tarakimu 20. Ya kumi na saba nikaikosea. Nikaanza upya. Nikaikosea tena, safari hii kwa kujiamini zaidi. Umeme uliporudi, kompyuta nayo ikaanza upya kutoka sifuri, kama mtoto aliyekatizwa kuhesabu.

Usiku wa manane ikaniuliza nataka lugha gani. Nikashuka na orodha ndefu, na huko chini nikakikuta: Kiswahili.

Hapa sina budi kukiri jambo. Mimi ndiye yule mtu anayewakera wenzake barazani. Kijana akisema "anko, nipestie hapa", namjibu kwamba sisi tunabandika. Akisema "sevu", namsomea hotuba ya kuhifadhi. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice, nilitangaza habari hiyo mtaani kama vile nimezitafsiri mimi. Kuzitumia sikuzitumia. Miaka yote hiyo mikono yangu ilikuwa inafanya kazi kwa Kiingereza, mdomo ndio uliokuwa wa Kiswahili. Basi usiku ule nikaona heshima imenijia mpaka dukani. Nikabofya Kiswahili, nikaenda kulala mtu mkubwa.

Asubuhi sikukuta kilima. Sikukuta chochote. Kioo kizima kilikuwa buluu tupu, kama bahari isiyo na chombo. Mafaili yangu yalikuwa yamehamishiwa kwenye kabrasha lililofichwa ndani ya kabrasha jingine, na bando langu la wiki lilikuwa limeliwa lote kabla sijanywa chai, mfumo ukijipakulia masasisho ambayo sikuyaagiza. Nikanunua bando jingine, nikaingia mtandaoni kutafuta msaada. Ukurasa wa kwanza ukaniuliza kama nakubali vidakuzi. Nikashangaa: daku na Ramadhani bado mbali? Mfumo nao ukadai nisakinishe printa. Mimi ninayemjua ni mtu aliyesakini mahali, yaani anayekaa hapo. Nikadhani natakiwa kuitafutia printa chumba cha kupanga.

Ningecheka, ila kulikuwa na harusi. Kadi 200 za mwaliko, mwisho Ijumaa, na asubuhi hiyo ilikuwa ya Alhamisi. Saa nne akaingia mama wa bi harusi, kanga mbili mpya, simu mkononi, akataka kuona kazi ilipofikia. Kadi nilikuwa nimeipanga kwa yale maandishi ya mikia na mizunguko wanayoyapenda wenye harusi. Mfumo mpya haukuyajua. Nikaifungua kadi mbele yake. Mahali pa jina la bwana harusi palikuwa na vijisanduku vinane vitupu vimejipanga mstari.

Mama akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Mwanangu anaolewa na madirisha?"

Nikamwomba anipe mpaka alasiri. Akasema alasiri atakuja na shangazi mtu. Kwa wasiotujua watu wa Tanga, hicho kilikuwa kitisho.

Nikarudi kwenye maelekezo ya kuongeza printa. Yalikuwa ya mstari mmoja: anzia kwenye mwambaa kazi. Mwambaa kazi ni nini? Nilijua kazi. Kumpigia mpwa wangu nimuulize maana ya neno la Kiswahili sikuweza, kwa sababu ndiye niliyemsomea hotuba nyingi kuliko wote. Nikaanza kulitamka peke yangu kwa sauti, labda litachoka lijieleze.

Ndipo akaingia mzee mmoja mvuvi wa Sahare, baiskeli ameiegemeza mlangoni, kuja kutoa kopi ya leseni yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona unazungumza na televisheni?"

Nikamweleza kwa kifupi, kwa namna ya mtu anayejua kwamba hatasaidiwa. Akasikiliza huku akitazama kioo kwa mbali, mikono nyuma.

"Mwambaa," akasema. "Si kinachoambaa? Ngalawa ikiambaa haiendi katikati ya maji. Inafuata ufuko, inakwenda nao ubavuni. Wewe tangu nimeingia unahangaika na hicho kijidude chako katikati ya bahari. Samaki wa hapo si wako. Nenda ukingoni."

Nikakishika kipanya, nikakipeleka pembeni kushoto, pakawa kimya. Nikaambaa nacho hadi chini kabisa ya kioo. Na pale, polepole, ukapanda mstari mzima wa alama uliokuwa umejificha muda wote: saa, sauti, mtandao, printa. Vyote nilivyokuwa navitafuta tangu asubuhi vilikuwa chini ya ncha ya kidole changu kimoja.

Sikusema neno. Mzee naye hakunitazama usoni, adabu ya watu wa pwani hiyo. Akatoa shilingi 100 ya kopi, nikaikataa, akaiacha mezani.

Printa nikaipa chumba chake, ikakohoa, ikakubali. Yale maandishi ya mikia hayakurudi tena. Nikaandika majina kwa herufi za kawaida, zilizonyooka kama za barua ya serikali, nikachapa kadi zote 200 na kungoja hukumu. Alasiri wakaja wawili, mama na shangazi mtu. Shangazi akachukua kadi moja, akaisogeza mbali na macho, akasoma jina la ukumbi kwa sauti mpaka mwisho bila kukwama.

"Hizi angalau zinasomeka," akasema. "Za dada yake zilikuwa na madoido, nusu ya wageni wakaenda kula pilau la watu wengine."

Kadi za dada mtu nilizitengeneza mimi. Nikashukuru kwa niaba ya mfumo mpya.

Mpwa wangu akapiga jioni kuuliza kama nimekwama popote. Nikamwambia ni kubofya tu. Yule mzee hupita mara mojamoja na baiskeli yake, na bila kushuka huniuliza, "Bado unaambaa?" Namjibu naambaa. Vidakuzi bado sijui vinaliwa saa ngapi.

Wiki iliyopita, saa mbili asubuhi, wateja watatu wamepanga foleni, kioo kikanitolea tangazo jipya: kuna mfumo mwingine, mpya zaidi ya huu mpya, uko tayari. Chini yake vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa sakinisha sasa. Cha pili kiliandikwa nikumbushe baadaye, na hicho nilikielewa bila kamusi wala mvuvi.