Pancha Haina Mchawi

Ukipata pancha mara tatu ndani ya wiki moja, usimshuku jirani wa ploti. Mbaya wako yumo ndani ya tairi, na ameacha ushahidi. Kwa mwendesha boda wa Kayole au Umoja jijini Nairobi, kila pancha hula saa ya kazi, pesa ya fundi na abiria aliyekuwa ameshapanda. Basi jifunze kusoma tundu.

1. Acha kupiga tairi teke. Teke halipimi upepo. Nunua geji ya mfukoni, upime alfajiri kabla tairi halijapata joto. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 hutaka PSI 25 hivi mbele na 28 nyuma. Ukibeba abiria, nyuma panda hadi 32. Mkibishana na rafiki, kitabu cha pikipiki ndicho hakimu.

2. Ijue barabara yako. Kamukunji na Kariobangi Light Industries mafundi hukata mabati kutwa, na vipande huishia barabarani. Magari huvisukumia ukingoni, kwa hivyo usijibanze huko bila sababu. Palipochomwa matairi siku ya maandamano, majivu hupeperuka lakini nyaya nyembamba za chuma hubaki. Shuka, usukume.

3. Soma tundu kabla ya kuliziba. Tia chaki kwenye tairi pale valvu ilipo. Toa tyubu, ijaze upepo, izamishe kwenye karai la maji, ufuate mapovu.

- Tundu moja upande wa nje: ni msumari au waya. Linganisha tyubu na ile alama ya chaki, utajua mahali ulipojificha. Pitisha kitambaa ndani ya tairi. Vidole bado unavihitaji.
- Matundu mawili yaliyokaa jozi: upepo ulikuwa mdogo, ukaparamia tuta au shimo, rimu ikaibana tyubu.
- Tundu upande wa rimu: kichwa cha spoku kimechomoza, au ukanda wa mpira unaofunika spoku umesogea.
- Valvu imechanika shinani: tairi lilikosa upepo likateleza juu ya rimu. Hapo nunua tyubu mpya.
- Hakuna tundu: paka mate kwenye mdomo wa valvu. Povu likitoka, kaza kijiti cha ndani au ukibadilishe.

Kama skuta yako haina tyubu, usiung'oe msumari njiani. Ndio unaozuia upepo. Nenda polepole hadi kwa fundi wa karibu.

4. Simama na fundi wako. Mwombe akuonyeshe tundu na kilicholisababisha. Akwaruze mpira, apake gundi, aiache ikauke kidogo, ndipo abandike kiraka. Kiraka cha haraka hukurudisha pale pale kesho, na msumari ulioachwa ndani huzirarua tyubu mpya zote.

Mwaka 1888, kule Belfast, John Boyd Dunlop alisajili tairi la upepo alilolibuni ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise. Kazi ya upepo haijabadilika. Yule unayempeleka Donholm saa mbili usiku, amechoka na kazi na amekushika mabega, naye ni mwana wa mtu.