Bonasi ya Baba Mkwe

Jamani, nani alileta hii Oktoba? Mwezi wa bonasi ya chai, kwangu ni mwezi wa kuzima simu. Nimezima. Mama watoto hajazima yake. Babake anapiga kutoka Kirinyaga, simu iko kwa spika, watoto wametega masikio. "Mwanangu, huko Kericho mmepewa ngapi kwa kilo?" Netiwaki ikapotea hapo hapo. Niliipoteza mwenyewe, kwa kidole. Mzee akapiga tena.

Amepata zaidi ya maradufu yangu. Kwa kilo! Ama kilo ya Kirinyaga ni nzito kuliko yetu? Shamba langu ndilo kubwa. Chai yetu sote inauzwa mnada ule ule wa Mombasa. Yeye ananunua tangi la maji, mimi nanunua sukari ya kupima.

Nikamuuliza karani wa kituo cha chai. Akanijibu mbele ya foleni nzima. Eti chai ya kule Kirinyaga mlimani wanunuzi huing'ang'ania: udongo wa volkano, tena watu wanachuna majani mawili na kichipukizi, basi. Halafu 2021 ikawekwa bei ya chini kabisa inayoruhusiwa mnadani, dola 2.43 kwa kilo. Wanunuzi wakasema, kama ni bei hiyo, si afadhali tubebe ya mlimani? Yetu ikarundikana ghalani Mombasa, na joto lile, hadi hiyo bei ikaondolewa 2024. Kiwanda nacho kina mikopo, na riba hukatwa kabla yangu. Nikawa naitikia kwa kichwa tu. Volkano naijulia wapi? Hiyo dola 2.43 nilijua ni yangu. Nilishaikopea tivii. Nani angeniambia kwamba ni ya chai iliyokwisha sagwa, na kilo yake moja inameza zaidi ya kilo nne za majani mabichi?

Karani akaingiza mkono kwa gunia langu. Akatoa tawi. "Na hiki?" Nikasema ni kichipukizi, kimekua tu. Watu wakacheka, hata yule ambaye gunia lake lina nyasi.

Jioni M-Pesa ikalia. Elfu tatu kutoka kwa baba mkwe, eti za sukari. Mimi ndiye nadaiwa mahari, jameni! Sijamaliza kuona aibu, meseji ya pili ikaingia. Amezijumlisha kwa lile deni la ng'ombe, pamoja na ada ya kutuma.