Namna ya Kumwacha Mnyamwezi na Rangi Yake

Mwongozo huu ni wa fundi yeyote wa Tabora anayeshinda mbele ya kompyuta akitengeneza picha za pasipoti, kadi za harusi, lebo za asali na fulana za msiba. Kama mabibi harusi wako wote hutoka na nyuso za rangi ya boga, na wateja wanapokea kadi kimyakimya, wanalipa, wanaaga na hawaonekani tena, basi vuta kiti. Fundi anayeona boga linapendeza aendelee na kazi yake. Mwenzake wa Kanyenye atawapokea wateja hao kwa mikono miwili.

Kazi inaanza skrini ikiwa imezimwa. Ifute. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi ni jekundu, linapita chini ya mlango uliofungwa, na likishatanda kwenye kioo hakuna namba utakayoweka ikasema kweli. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo sana wa maji, na kisiwe kile kilichotoka kufutia meza ya chai. Kisha washa, usiguse kitu kwa nusu saa. Taa ya ndani ya skrini huchukua muda kutulia, na rangi unayoiona dakika ya pili siyo utakayoiona dakika ya thelathini. Anayewasha na kuanza papo hapo kurekebisha uso wa mtu anarekebisha uongo.

Nusu saa hiyo itumie kuwafikiria watu wa misafara. Njia ya kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, na kutoka hapa kwenda Ujiji, ilikuwa njia ya biashara ya rangi kabla babu yako hajazaliwa. Pembe zilishuka pwani; nguo na shanga zilipanda bara, kwa sehemu kubwa mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi. Nguo ilikuwa merikani isiyotiwa rangi, kutoka viwanda vya Massachusetts, na kaniki ya India iliyozamishwa kwenye nili. Lakini zilizowatoa watu jasho ni shanga, nyingi zikitengenezwa Venice. Richard Burton, aliyeingia Kaze, hapahapa Unyanyembe, Novemba 1857, aliandika kwamba zilikuwako aina kama 400, kila aina na jina lake na watu wake. Samisami, ile nyekundu ya marijani, ilisifika kwa kuvunja miji, na watu walikuwa tayari kutoa hata chakula cha jioni ili waipate.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley akiwa Unguja alilazimika kuamua mapema anunue magunia mangapi ya nyeusi, mangapi ya nyekundu, mangapi ya nyeupe. Akaondoka na magunia 22. Kwa maelezo yake, nyekundu ilipokelewa Unyamwezi hata pale nyingine zilipokataliwa. Nyeusi, zilizoitwa bubu, zilikuwa fedha kwa watani zetu wa Ugogo na hazikuwa kitu kwingineko. Nyeupe zilipita Ufipa zikadharauliwa Ukonongo. Aina iliyoitwa sungomaji ilitakiwa Ujiji. Hapakuwa na duka la kurudishia. Mzigo wa mpagazi ulikaribia kilo 30, safari ya kufika hapa ilikula karibu miezi mitatu, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala na njaa. Nami naona jambo kubwa ni hili: aliyeamua hakuwa kiwanda cha Venice wala tajiri wa Unguja. Aliamua mama wa kijijini, aliyeitazama kete ya shanga mchana kweupe, akaichukua au akaisukuma kando.

Mteja wako ni mjukuu wa mama huyo, na jicho halijafifia. Nenda Urambo, Kaliua au Sikonge wakati wa kuchambua tumbaku ya mvuke. Utamkuta mkulima ameketi na rundo la majani yaliyokaushwa, anachukua moja moja, analinyoosha kwenye mwanga, analiweka upande wa limau au upande wa chungwa. Mtu wa mjini anaona yote ni majani ya njano. Yeye anaona madaraja mawili yenye bei mbili, na jani likiangukia fungu lisilo lake, pesa yake imepungua. Huyo ndiye unayemwambia kwamba picha ya binti yake imekuwa ya kijani kwa sababu "mashine ndivyo ilivyotoa"!

Nusu saa imekwisha. Kabla ya kugusa kitufe chochote, geuka uangalie chumba. Je, kuta zimepakwa rangi kali ya kampuni ya simu, kwa kuwa ilikuja kupaka bure? Ukuta mwekundu humwaga wekundu juu ya skrini na ndani ya macho yako, na jicho likishazoea wekundu huona vingine vyote vikiwa na ukijani. Hapo ndipo nyuso zinapoanza kupotoka rangi. Paka kijivu, angalau ukuta ulio nyuma ya skrini na ule ulio nyuma yako. Meza isitazamane na mlango, maana jua la saa tisa likiingia moja kwa moja kwenye kioo hakuna mwanadamu anayeona kitu. Weka pazia, na taa iwe moja ileile asubuhi hadi jioni. Balbu ya njano huku na tyubu nyeupe kule zitakupa skrini mbili ndani ya skrini moja.

Sasa ingia kwenye menyu na uzime mapambo yote. Skrini huuzwa dukani kwa kushindana nani anang'aa zaidi, kwa hiyo kiwanda huiwekea hali ya sinema, hali ya mchezo, na ile inayopandisha na kushusha mwangaza yenyewe kila picha inapobadilika. Zima. Zima pia ile ya kompyuta inayogeuza kila kitu kuwa cha manjano jioni ili upate usingizi. Usingizi utaupata nyumbani. Rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha chagua sRGB kama ipo. Hicho ni kipimo kilichowekwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft ili nyekundu ya kompyuta moja iwe nyekundu ya nyingine, na ndicho ambacho simu, intaneti na printa nyingi za mitaani zinakitarajia.

Mwangaza ndio unaoharibu kazi nyingi kuliko kosa lolote. Skrini nyingi zinaweza kutoa kandela 250 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Kwa kazi ya picha zinazochapwa, kati ya 80 na 120 zinatosha. Mwenye skrini kali huona picha inang'aa, anaipunguza, anaichapa, kisha analaumu wino kwa giza alilolitengeneza mwenyewe. Kama huna kifaa cha kupimia, fungua ukurasa mweupe mtupu, shika karatasi nyeupe ya A4 kando yake chini ya taa yako, na ushushe mwangaza hadi skrini ifanane na karatasi. Ikiendelea kuonekana kama dirisha lililo wazi, shusha tena. Kisha chora vibao vyeusi vinavyopishana kidogo, cha kwanza cheusi kabisa na vinavyofuata vikiongezewa weupe hatua kwa hatua. Ukishindwa kuvitenganisha vile vya mwanzo, nywele za wateja wako wote zinaonekana kofia.

Weupe wenyewe uwe kelvini 6500, karibu na mwanga wa mchana. Chini ya hapo skrini inaelekea manjano, juu yake inaelekea buluu, na wengi wanapenda buluu kwa kuwa inaonekana safi. Ipo sabuni ya kazi hiyo, picha haihitaji. Baada ya hapo panga gama iwe 2.2, yaani namna mwangaza unavyopanda kutoka giza hadi weupe. Kwenye Windows andika dccw katika kisanduku cha kutafutia, na programu itakuletea duara zenye vitone katikati. Sogeza hadi vitone vimezwe na duara zao. Ni dakika tano, hailipiwi, na nadhani kompyuta nyingi za mjini hapa hazijawahi kufunguliwa ukurasa huo tangu zitoke kwenye boksi.

Jicho hata hivyo ni shahidi anayechoka, na kipimo halisi kinahitaji kolorimeta, kidude kinachoning'inizwa mbele ya kioo. Programu ya DisplayCAL, ambayo ni ya bure, huonyesha vibao vya rangi kimoja baada ya kingine, kidude kinavisoma, na mwishoni unapata profaili inayoiambia kompyuta skrini yako imepotoka wapi na kwa kiasi gani. Bei ya kolorimeta ni nzito kwa duka moja. Kwa maduka manane ni nyepesi. Watu walewale wanaochangiana harusi na VICOBA wanashindwaje kununua kifaa kimoja kikazunguka mtaani? Kinatumika mara moja kwa mwezi, muda uliobaki kinakaa kabatini.

Tumefika kwenye ngozi, na hapa sitaki haraka.

Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizigawia maabara za kusafisha picha kadi ya kurekebishia mashine. Kwenye kadi alikaa mwanamke wa Kizungu, na kadi zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya mwanzo. Fundi alizungusha mashine mpaka Shirley atoke sawasawa, basi, siku imeanza. Mtu mweusi aliyepita kwenye mashine hiyo alitoka macho na meno. Na filamu ilipoanza kuboreshwa upande wa kahawia, waliosikilizwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Chokoleti ilitangulia, mtu akafuata. Miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi zenye watu wa rangi mbalimbali. Sijui kama kuna fundi anayeweza kusoma habari hiyo bila kukasirika, nami nataka akasirike, kwa sababu leo hatuwezi kumsingizia Shirley. Kitufe cha kung'arisha ngozi tunakibonyeza wenyewe. Baba aliyezikwa mweusi tii anavaliwa kifuani na wajukuu zake akiwa maji ya kunde, na bibi harusi aliyelelewa Isevya anawekwa ukutani kwa mama yake akiwa mtu mwingine.

Kwa hiyo tengeneza kadi yako. Waombe majirani watatu wanaotofautiana kweli: mweusi wa mkaa, maji ya kunde, na mweupe kidogo. Waweke kivulini barazani saa nne asubuhi, ambapo mwanga ni mwingi lakini haupigi usoni. Mmoja ashike karatasi ya kijivu isiyo na wekundu wala ubuluu, na kamera ipangiwe weupe kwa karatasi hiyo. Wapige picha wakiwa wameinua mkono mmoja karibu na shavu, upande wa kiganja kwa mmoja, upande wa nyuma kwa mwingine. Kiganja, kucha, na pale paji la uso linapong'aa ndiko kunakoumbua skrini. Kwenye skrini mbovu kiganja kinakuwa cha waridi kama cha mwanasesere na paji linageuka jivu. Kisha chukua kile kifaa cha kuchotea rangi kwenye programu ya picha, uguse shavu, usome namba tatu. Kwenye ngozi ya binadamu yeyote iliyopigwa kwa mwanga mzuri, nyekundu huizidi kijani, na kijani huizidi buluu. Ukikuta kijani imepita nyekundu, umempa jirani ugonjwa ambao hana.

Chapa picha hiyo ndogo, usichape kubwa. Rudi nayo barazani, ukiwa na majirani walewale, kwenye kivuli kilekile, uishike kando ya shavu. Usiwaulize kama ni nzuri, watakuambia nzuri ili wakaendelee na shughuli zao. Waulize kama ni wao. Mama mmoja akisema "huyu mweupe kuliko mimi", umepata kipimo ambacho DisplayCAL haina, na unarudi ndani kurekebisha.

Kuhusu wino, mwambie mteja ukweli kabla hajalipa. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga na printa kwa wino, na zipo kijani na buluu za kung'aa ambazo wino hauzifikii hata ukiupigia magoti. Mwenye lebo ya asali aje na chupa yenyewe. Asali ya miombo ina kahawia ya aina nyingi, na lebo yenye picha ya dhahabu juu ya chupa yenye asali nyeusi humfanya mnunuzi wa Dar es Salaam aseme imechakachuliwa. Weka chupa mbele ya karatasi nyeupe, fananisha, chapa lebo moja, ibandike, toka nayo nje. Ikikubali, chapa 500.

Mwisho andika tarehe kwenye kipande cha karatasi na ukibandike juu ya vitufe vya skrini, kiwe pia kizuizi. Rudia kila mwezi, maana taa ya skrini huzeeka taratibu na jicho linazeeka pamoja nayo bila kulalamika. Kijana wa dukani akitaka mpira uonekane mkali zaidi, televisheni iko kwa jirani.