Namna ya Kumpata Juma Mmoja Busi

Ukifika Busi, kata ya Wilaya ya Kondoa, kumtafuta Juma, usipaze sauti barabarani. Watageuka wengi. Aliyezaliwa Ijumaa huitwa Juma, wa mwezi wa mfungo Ramadhani, wa mwezi unaotangulia Shabani. Watoto wanazidi kuzaliwa, siku za wiki zimebaki saba.

Tafuta mzee, mpe shikamoo, kisha utaje jina la baba yake Juma. Mshairi Homer naye alikuwa na mashujaa wawili walioitwa Ajax katika jeshi moja pale Troy, akawatenga hivyohivyo: huyu mwana wa Telamon, yule mwana wa Oileus. Zanzibar nayo ilikuwa na masultani wawili walioitwa Khalifa. Bin Said alitawala tangu 1888 hadi 1890, bin Harub tangu 1911 hadi 1960. Ukiacha jina la baba, aliyekaa miaka miwili unaweza kumpa enzi ya karibu nusu karne.

Shida huja mtoto anapopewa jina la babu yake. Hapo jina lisomwe lote, tena kwa mpangilio wake. Abeid Amani Karume ndiye baba, rais wa kwanza wa Zanzibar. Amani Abeid Karume ndiye mwana, rais wa 2000 hadi 2010. Kwa anayesoma harakaharaka, hao ni mtu mmoja.

Kabila na kwao mtu pia visikutoshe. Edward Sokoine na Edward Lowassa wote walikuwa Wamaasai wa Monduli, wote walipata kuwa mawaziri wakuu. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Lowassa alijiuzulu Februari 2008. Kila mmoja apewe miaka yake na kazi yake mwenyewe, maana marehemu hawezi kuja kudai.

Juma wako akishapatikana, muulize jina la babu, uandike yote matatu. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) ingemtenga na wenzake, maana ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa tarehe ya kuzaliwa, lakini Juma akiwa mtoto wa darasa la kwanza, huenda bado hana kitambulisho. Herufi nazo uzinakili kama zilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa: Shabani, Shaban na Shaabani nyumbani ni mtoto mmoja, ila dirishani kwa karani ni watu watatu, na mirathi ina mwenyewe mmoja.