Saa ya Mogadishu, baridi ya Njombe

Msyuuu! Nimesonya mpaka mama wa chai kageuka akidhani namsonya yeye. Hapana, mama, shikamoo yako iko palepale. Ninayemsonya ni huyu dogo wa boda aliyelala juu ya tangi la pikipiki saa nne asubuhi, kofia ya mzula imemfunika macho, mdomo wazi, glavu moja imedondoka chini. Abiria kasimama pembeni na gunia lake la viazi, anakohoa kwa adabu. Kakohoa tena. Mwishowe kabebwa na boda mwingine, naye huyo alikuwa anapiga miayo.

Ndicho kijiwe chetu hicho, pembeni ya barabara ya kwenda Songea, hapahapa Njombe, katikati ya Julai. Ukipita saa hizi utadhani kuna msiba. Watu wamejikunyata kwenye benchi, mikono makwapani, makabuti yamefungwa mpaka kidevuni. Fundi viatu kasinzia na sindano mkononi. Mimi siwacheki, maana nami nimeshasinzia kanisani mpaka jirani akanipiga kiwiko. Ninachokikataa ni jibu lao. Muulize yeyote hapa kwa nini analala, atakwambia neno moja: "Baridi, mzee. Damu imeganda."

Damu imeganda! Ingekuwa imeganda, ndugu yangu, usingekuwa umekaa hapo unanijibu.

Baridi ipo, sibishi. Mji uko juu, mita zinazokaribia 2,000, upepo wa kusi unavuma, na kipupwe cha Juni mpaka Agosti hakikumbuki kama una sweta au huna. Wenzetu wa Makete ndio usiseme. Kule Kitulo asubuhi nyingine nyasi zinaamka zimevaa sakitu. Lakini baridi haigandishi damu ya mtu aliye hai kwenye benchi. Mishipa ya ngozini inajikaza, damu inarudi ndani kulinda moyo na ubongo, na mwili unachoma chakula zaidi ili joto lake libaki pale kwenye nyuzi 37. Ukitetemeka, misuli inafanya kazi kama ya mtu anayepasua kuni. Sasa piga hesabu mwenyewe. Usiku kucha umelala chini ya blanketi moja lililoona awamu tatu za serikali, unatetemeka, unajikunja, saa nane umeamka kwenda kukojoa kwa sababu baridi nayo inajaza kibofu, ukirudi kitanda kimeshapoa. Asubuhi unashangaa umechoka. Umepiga shifti ya usiku, tena bila malipo!

"Huo ni ugonjwa," akadakia yule wa koti la bluu, ambaye simu yake ina majibu ya kila kitu. Shemeji yake yuko Norway, na shemeji katuma ujumbe wa sauti kwamba huko daktari kamwambia ana ugonjwa wa majira ya baridi. Kashauriwa akae mbele ya taa kali nusu saa kila asubuhi. Basi kijiwe kizima kikawa kinaumwa. Hata mama wa chai, aliyeamka saa kumi usiku kukanda maandazi, akasema na yeye anazo dalili.

Jamani. Ugonjwa huo upo kweli. Aliyeuandika ukajulikana, mwaka 1984, yeye na wenzake, ni daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani na kuona mwenyewe jinsi kipupwe cha kule kinavyomlegeza. Lakini sababu yake kubwa ni giza. Stockholm mwezi Desemba jua linakaa angani saa sita tu, na Tromsø, kaskazini mwa Norway, halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Kuna mji mwingine hukohuko Norway unaitwa Rjukan, uko chini bondeni, milima inauzibia jua kwa karibu nusu mwaka. Mwaka 2013 wakaweka vioo vitatu vikubwa juu ya mlima ili virudishe jua kwenye uwanja wa mji, watu waje kuliota.

"Vioo?" fundi viatu akazinduka. "Hapa vingelala siku moja."

Sasa sisi siku yetu fupi kuliko zote, ile ya Juni, ina saa kumi na moja na nusu na kidogo. Ndefu ya Desemba ina saa kumi na mbili na dakika kama arobaini. Tofauti ni saa moja tu! Kwa saa moja hiyo unataka kujiita mgonjwa wa Norway?

Hapo mwalimu mstaafu, ambaye huwa anazungumza mara moja kwa siku, akaweka kikombe chini. "Giza lipo," akasema, "ila mnalitafuta siko." Akatupa somo la jiografia ambalo sikumbuki kulipata nikiwa darasani. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo ya 45 mashariki. Mstari huo hauigusi Tanzania hata kwa bahati mbaya. Unapita Somalia, jirani kabisa na Mogadishu. Njombe iko kwenye longitudo ya 35 hivi. Kila digrii moja ni dakika nne za jua. Digrii kumi, dakika arobaini.

Kijiwe kimya. Hata aliyekuwa anakoroma kaacha.

Maana yake, saa ya ukutani ikisema ni kumi na mbili kamili asubuhi, jua la Njombe linahesabu saa kumi na moja na dakika ishirini. Na mwili, alisema mwalimu, haujui kusoma saa ya ukutani. Saa yake iko ndani ya ubongo na inarekebishwa na mwanga unaoingia machoni; pasipo mwanga, ubongo unaendelea kumwaga kichocheo cha usingizi. Mwezi Novemba jua linachomoza hapa saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Julai ni karibu saa moja, na juu yake ongeza ukungu. Kwa hiyo boda anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi abiria wa basi la kwanza anaamka usiku wa manane kwa hesabu ya mwili wake. Na watoto wa shule wanaopita hapa gizani, soksi zimelowa umande, nao wamo.

"Basi serikali irudishe saa nyuma," akasema yule wa koti la bluu.

"Na hesabu ya bosi nayo irudi nyuma dakika arobaini?" akauliza dogo, ambaye kumbe alikuwa macho. Tulicheka mpaka chai ikamwagika, kwa sababu bosi mwenye pikipiki haijui Mogadishu wala Norway. Yeye jioni anataka hesabu yake.

Ila dawa zetu za kijiweni ndizo zinazonipandisha presha. Usingizi ukija, kahawa. Ukirudi, chai ya rangi. Saa mbili usiku, chai tena "ya kupasha mwili." Nusu ya ile kafeini bado iko kwenye damu saa tano baadaye, unalala saa saba huku macho yanazunguka kama ya bundi, halafu kesho unaanza upya na chupa ya enaji. Wengine wanapasha mwili kwa kitu kikali. Viroba vya pombe kali vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini ile hoja ya viroba bado inauzwa: kwamba pombe inaleta joto. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto kwa sababu joto la ndani linatoka nje linakwenda zake. Ni sawa na mtu kufungua mlango wa nyumba yenye moto jikoni, akasimama kizingitini akasema eti nje kuna joto. Usingizi wenyewe wa pombe unakatika saa tisa usiku, kinywa kikavu, umeshaamka. Msyuuu!

Nilikuwa nimejiandaa kuendelea kusonya kwa raha zangu, ndipo nikamgeukia dogo. Nikamuuliza yeye usiku analalaje.

"Mimi nalala vizuri, mzee. Kwangu kuna joto."

Joto la nini? Akaeleza. Chumba kimoja cha kupanga, dirisha dogo kalibana na gunia la mbolea, mlango kaziba chini kwa kipande cha kanga. Akishapika ugali wake, jiko la mkaa anaingiza ndani, analiweka karibu na kitanda. "Ila nasubiri mkaa ushike vizuri, uwe mwekundu, moshi uishe kabisa. Sina ujinga huo."

Kichwa je, kinauma?

"Kila asubuhi. Saa tano hivi kinaachia. Si baridi hiyo?"

Hakuna aliyecheka. Nikaumeza ule msonyo wa asubuhi.

Nasema haya kwa sababu yaliwahi kunikuta. Julai ya mwaka juzi niliamka kichwa kinagonga kama nyundo ya fundi bati, miguu haitaki amri, tumbo linapanda. Mke wangu alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua. Tulijua ni malaria. Zahanati wakapima, hakuna kitu. Nesi akatuuliza swali moja tu: "Mnalala na jiko?"

Moshi, jamani, ndiye rafiki. Moshi ungekukohoza ukatoka nje unalaani. Kinachobaki mkaa ukishakuwa mwekundu ni gesi ya kaboni monoksaidi: haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Inashikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo oksijeni inafika kwenye chembe nyekundu na kukuta viti vimeshakaliwa, kama daladala ya jioni. Kidogo kikiingia unapata kichwa, kichefuchefu, kulegea, usingizi usiokwisha. Kikizidi huamki. Na ubaya wake ni kwamba aliyelala hapati hata nafasi ya kushuku. Kila kipupwe redio inatangaza familia fulani imekutwa kitandani, jiko katikati ya chumba, na sisi hapa tunatikisa vichwa, tunasema siku zao zilifika. Siku zao hazikufika! Jiko liliingia ndani.

Kwa hiyo usingizi wa dogo, ule niliousonya mbele za watu, haukuwa uvivu wala Norway. Alikuwa ametoka kupewa sumu taratibu usiku kucha, akapanda pikipiki, akaja kutubebea mama zetu.

Mama wa chai ndiye aliyeachana na hotuba. Alimwambia: mwanangu, kuanzia leo jiko libaki nje, hata kama limezimika nusu. Chukua chupa, tia maji ya moto, funga vizuri, izungushie kitambaa, weka miguuni. Vaa soksi kavu, si hizo ulizoshinda nazo. Na hilo godoro lako jembamba litandikie kitu chini, maana baridi ya sakafu inapanda. Mwalimu akaongeza kwamba miguu ikipata joto, damu inashuka huko, ndani ya mwili kunapoa kidogo, na usingizi unakuja upesi. Mama akamwambia hilo yeye analijua tangu alipolea mtoto wa kwanza. Langu mimi: chai ya mwisho ni kabla jua halijazama. Usiku kunywa uji. Na yeyote anayesinzia hata kipupwe kikiisha, au anakojoa kupita kiasi, au anahema kwa kupanda ngazi tatu, huyo aende akapimwe damu na sukari, asinitafute mimi.

Likabaki la mwanga. Hapo ndipo niliposimama, nikalitazama benchi letu kwa mara ya kwanza toka mwaka uanze. Tuliliweka Januari nyuma ya banda la mitumba, makusudi, tukikwepa jua. Julai hii bado liko palepale, kivulini, upepo wa kusi unalipiga mgongoni, na watu tisa wamekaa juu yake wanalalamikia baridi. Ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tano, jua limejaa mpaka kwenye ukuta, na hata kukiwa na wingu mwanga wa pale unaizidi balbu yoyote ya sebuleni. Wanorwei wamepandisha vioo mlimani. Sisi hatujavusha benchi.

Benchi ni la mbao za mlingoti, zito, linataka watu wanne. Dogo kashasimama, mimi wa pili, mwalimu kaweka kikombe chini tena. Wewe wa koti la bluu, weka hiyo simu mfukoni uje ushike mguu wa nne.