Kobe Aliyekwenda Kumshitaki Mlima

Vuli ilipopita mara ya pili bila kuacha hata dimbwi la kunywa njiwa, wanyama wa nyika ya Mkomazi walikutana chini ya mbuyu kumhukumu Usambara. Mshitakiwa hakuitwa, ila alionekana: amekaa kusini, rangi ya samawati, mawingu yamemlalia mabegani.

"Mvua yetu ile pale," akasema Choroa. "Ameikalia."

Swala Twiga, ambaye shingo yake humpa haki ya kuwa shahidi, akaapa kwamba ameona mawingu yakitoka baharini yamenenepa, yakaingia nyuma ya mlima, yasitoke tena. Ndovu hakusema kitu. Mwaka ule alikuwa amepoteza wajukuu wawili. Hukumu ikapita: Mlima ni mwizi. Kuipeleka akateuliwa Kobe, maana Ndovu alisema mwenye mbio hufika kabla hajaona.

Kobe akashika njia ya bonde lililo kati ya Upare na Usambara, mahali ambapo upepo hubanwa na milima pande mbili ukapita kwa nguvu, mavumbi yakimgonga gambani. Akauzunguka mlima kwa kusini, miezi ikaisha. Alipofika Amani, katika Usambara ya Mashariki, Kaskazi alikuwa amekwisha kuondoka na Kusi ameshika zamu. Masika ilikuwa imeiva. Majani yalidondosha maji, mizizi ilidondosha maji, hata mawe yalitoka jasho. Kwa mwaka Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua. Kule kwao Kobe, mara nyingi hazifiki 600.

Mzee Mbega akampokea vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: "Mjukuu wangu, mvua haiibwi. Mvua ni malipo ya adabu. Sisi huku tunaheshimu wakubwa, hatugombani, hatumwagi damu. Waambie wenzako wajirekebishe, na kwao itanyesha."

Upole ule ndio uliomuuma Kobe. Laiti angetukanwa, angejua la kujibu. Akawatazama watoto wa Mbega wakinyang'anyana matunda na kuumana masikio, mvua ikiwanyeshea wote, wala hakuna aliyeulizwa tabia yake.

Alfajiri akapanda hadi ukingoni, akakutana na Kusi anatoka baharini, pumzi imejaa chumvi na mvuke.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetoka mbali."

"Nimekuja kuuliza. Nani anakunyang'anya maji yetu?"

Kusi akacheka kidogo, huku anapanda. "Hakuna anayeninyang'anya. Kutoka pwani mpaka hapa ni kama kilomita 40 za nchi tambarare, na huu ndio ukuta wa kwanza kunizuia. Sina njia ila kupanda. Nikipanda natanuka, nikitanuka napoa, kama nyuzi 1 kwa kila mita 100. Nikipoa, mvuke wangu haunibebeki tena: unageuka ukungu, ukungu unakuwa wingu, wingu linakuwa mvua. Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi hunielewa vibaya. Mvuke ukigeuka maji unaniachia joto lake, kwa hiyo nikiwa ndani ya wingu sipoi haraka kama mwanzo. Ng'ambo ya pili nashuka mtupu, bila wingu, napata nyuzi 1 nzima kwa kila mita 100. Nifuate, utaona."

Kobe akamfuata, kwa mwendo wake, siku baada ya siku. Kusi alishuka bonde la Lwengera akiwa mwepesi, akapanda tena Usambara ya Magharibi, juu zaidi ya mita 2,000, akamwaga kilichosalia. Halafu akateremka upande wa nyika, mkavu na mwenye joto kuliko alivyokuwa chini upande wa pili. Hapo Kobe akaelewa kwamba upepo ule, ukifika kwao, hauleti maji. Hunywa hata yale yaliyomo madimbwini.

Mchana mmoja alishuhudia pia dhoruba ikizaliwa. Jua lilichoma miteremko, hewa iliyoigusa ikapata joto na kupaa, wingu likasimama kama mnara, na saa tisa alasiri radi zikapiga. Likatambaa kidogo kuelekea nyikani, likafa njiani.

Lakini kilichomzuia Kobe kule juu siku nyingi ni msitu wa upande wa kaskazini. Hapakuwa na mvua, ukungu tu, na bado maji yalidondoka: ndevu za kuvumwani na majani ziliuchuja ukungu tone kwa tone. Matone yaliingia kwenye udongo mweusi, chini kidogo yakatoka kijito, na kijito kile kilielekea Mto Umba, unaopita ukingoni mwa nyika yao. Hatua chache kutoka hapo miti ilikuwa imeangushwa karibuni. Pale ukungu ulipita tu, na ardhi ilikuwa kavu.

Aliporudi, baraza lilikaa tena chini ya mbuyu.

"Amekiri?" akauliza Choroa.

"Mwizi hakuna," akasema Kobe. "Mvua huangukia anayekutana na upepo kwanza. Mbega hakuistahili, na sisi hatukuikosea. Lakini kuna deni. Maji yetu yanalala kwenye msitu wa Mlima, na msitu unakatwa. Mnitume tena, safari hii kwa anayeukata."

Wakabishana hadi jioni. Swala Twiga hakutaka kufuta ushahidi wake. Ndovu akawaacha, akashuka kwenye mchanga wa mto uliokauka, akachimba kwa mguu na mkonga mpaka shimo likamfika magotini. Akangoja. Maji yakajitokeza chini, machache, ya baridi.

Akamwita Kobe aonje kwanza. Kobe akainamisha shingo, akanywa, na ulimini akakuta ladha ya udongo mweusi.