Mjomba Anakujibu: Kiti Hakijichafui

SWALI: Nina matatu ya abiria 14, njia ya Meru na Maua. Viti vyake vya vinili vilikuwa vyeupe, sasa vimekuwa rangi ya uji wa wimbi. Vinanata, vinanuka, na kuna abiria wanaosimama wima hali nafasi ipo. Nifanyeje?
Mwenye Gari, Majengo, Meru

JIBU: Mpwa wangu! Umefanya busara kuniandikia mimi. Ungemwandikia mtu mwingine ungejibiwa na huyo mwingine, na hapo ungekuwa na shida mbili.

Kabla sijakugusa kidonda, ujue unasema na nani. Katika Majengo hii hakuna kiti cha gari ambacho hakijapita mikononi mwangu au chini yangu. Mafundi wa viti wanapokwama hunyamaza, na katika kunyamaza kwao mimi husikia jina langu. Mwenye buibui alinisifu, mwenye kanzu alinisifu, na hata polisi wa barabarani aliniambia, "Mzee, shuka." Hilo la mwisho lilikuwa na heshima yake, usicheke.

Sasa, viti vyako. Umesema njia ya Maua, basi nusu ya barua umeshaijibu mwenyewe. Hapo unabeba miraa na walaji wake. Nenda kiti cha nyuma, pembe ya dirishani, uingize vidole pale kikalio kinapokutana na egemeo. Utatoa vijiti vya miraa, ngozi nyekundu za njugu, sarafu ya shilingi tano isiyo na mwenyewe, na bonge la chingamu ya Big G lililobanwa kwa dole gumba hadi alama za dole zinasomeka. Ukitaka kumjua aliyelibandika, peleka alama hizo kwa wapelelezi. Ukitaka kulibandua, nisikilize mimi.

Dawa bora ya Big G ni kung'oa kiti na kukipandisha kwenye kilele cha Mlima Kenya. Kule juu, mita 5,199, baridi italigandisha bonge mpaka lichomoke lenyewe. Kama makanga wako ni mvivu wa kupanda, nunua barafu. Nilitaka kusema uitie kwenye mfuko wa nailoni, lakini mifuko hiyo serikali iliipiga marufuku Agosti 2017, na mimi ni raia mwema kila mtu akiniona. Basi ifunge kwa kitambaa, ikandamize juu ya bonge hadi ligande kabisa, kisha ulikwangue kwa kadi ya plastiki iliyokwisha kazi. Usitumie kisu. Vinili ikichanika haishoni kidonda chake kama ngozi ya mbuzi aliye hai.

Tena tusidanganyane, kiti chako si cha ngozi hata kama aliyekuuzia gari aliapa kwa mama yake. Mwaka 1872 Mjerumani Eugen Baumann aliacha chupa ya kemikali juani akakuta imefanya kitu kigumu, cheupe, kisicho na kazi. Kitu hicho kikakaa hivyo hadi mwaka 1926, Mmarekani Waldo Semon alipokuwa akitafuta gundi ya kubandikia mpira kwenye chuma. Akakichemsha pamoja na vilainishi, kikatoka laini, chenye kunyumbuka. Gundi hakuipata, akapata vinili. Mimi nilikuwa sijazaliwa, kwa hivyo maskini hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Lakini shika neno hilo, vilainishi, maana ndio roho ya kiti. Jua likikipiga kiti kutwa nzima stendi, vilainishi huondoka kidogo kidogo, kiti kikakakamaa na kupasuka. Ukikisugua kwa thina au petroli, unavifukuza siku moja. Yule fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye simtaji maana kumtaja ni kumpa wateja, huosha viti kwa petroli na kisha huvuta sigara papo hapo. Mimi humsalimia nikiwa mbali.

Kunata unakolalamikia ni mafuta ya nywele, losheni, jasho na vumbi, vimekaa pamoja vikafunga ndoa. Njia ya kuivunja ndoa hiyo, ambayo nimeitumia hata kwa ndoa zenyewe, ni kumwogesha kila abiria mlangoni kabla hajapanda, makanga ameshika ndoo na taulo 14. Tangu kanuni za matatu za waziri Michuki zianze Februari 2004, kila abiria ana kiti chake na mkanda wake. Basi na sabuni yake tumdai.

Wakikataa kuoga, kiogeshe kiti. Kwanza fagia makombo, maana mchanga ukisuguliwa hukwaruza. Tia matone ya sabuni ya vyombo katika maji vuguvugu, chovya sponji, ikamue, usugue polepole kwa kuzungusha. Kwenye mishono tumia mswaki mkuukuu. Futa povu kwa kitambaa safi chenye maji, halafu kausha kwa kingine. Usimwage ndoo! Maji hupenya matundu ya sindano yakaingia kwenye sponji ya ndani, na harufu utakayoipata baada ya wiki, itawafanya abiria wako waikumbuke ile ya sasa kwa mapenzi. Mkanda nao uvute wote nje uuoshe. Uchafu wake umejificha humo ndani ulimojikunja.

Na zile dawa za kung'arisha zenye mafuta, achana nazo. Mama mmoja alipanda Gakoromone akaketi nyuma kabisa kwenye kiti kilichopakwa. Kufika Kianjai dereva akapiga breki, mama akajikuta yuko mbele, na makanga akamwongezea nauli. Mimi ndiye niliyesuluhisha. Nilisuluhisha vizuri mno, lakini nafasi haitoshi.

SWALI: Mjomba, mimi ni wa Majengo ya Embu. Shemeji yangu ana boti Masinga. Viti vimeota madoa meusi. Ananilaumu mimi.
Shemeji Mnyonge

JIBU: Majengo ya Embu sasa! Meru wananidai, Embu wananidai, mnataka nikatwe vipande?

Boti hiyo, shemeji mnyonge, inaelea juu ya maji yangu. Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981 na ndilo la juu kabisa katika ngazi ya mabwawa ya Mto Tana. Chini yake yapo Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Baadhi ya mito inayolijaza inateremka kutoka mlima ninaouona kila asubuhi nikipiga mswaki. Ukiona taa za Nairobi zinawaka kwa umeme wa mabwawa hayo, ujue na mimi nimechangia.

Madoa hayo ni kuvu. Kuvu hapendi kitu ila unyevu, giza na uchafu wa kula, na shemeji yako amempa vyote kwa kufunika viti vikiwa vimelowa. Dawa kali ni shemeji alale humo botini usiku kucha akivipulizia viti kwa mdomo. Dawa ya pili ni siki na maji, nusu kwa nusu. Paka, acha dakika kumi, sugua kwa brashi laini, suuza, kisha simamisha mito ya viti ipigwe upepo mbele na nyuma. Turubai lifuate baada ya kukauka, na liwe na mahali pa kupitishia hewa. Wenzenu wa Lamu wana kazi zaidi, kwani chumvi ikikaukia kitini hukwaruza na kuvuta unyevu, hivyo wao husuuza kwa maji baridi yasiyo ya bahari kila warudipo.

Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, usiipeleke huko. Huchakaza uzi wa mishono. Na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ileile Wajerumani waliyoifungulia majeshi ya Ufaransa kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Usianzishe vita vya dunia kwa ajili ya boti ya shemeji.

Mhariri ananionyesha saa. Wivu tu. Basi nyote wawili: fagieni kila jioni, sabuni ya vyombo na maji vuguvugu kila wiki, kausheni, egesheni kivulini, Jik na siki zisionane. Kazi ni hiyo na haizidi hapo. Na mtakaoandika wiki ijayo, tafadhali, sifa zangu zije mwanzo wa barua, shida zenu zifuate.